Ukurasa wa Nyuma

Daftari la zahanati lilikuwa daftari la shule tu. Ndani yake tabibu alikuwa ameandika "malaria" mara nne, bila kumpima Kombo sukari hata mara moja.

"Litakaa mahakamani mpaka kesi iishe, mama," wakili alimwambia Bi Tatu, mjane wa Kombo.

"Lichukue. Ila ukurasa wa nyuma nauchana. Ule ni wangu."

Akiwa kwenye foleni ya zahanati, Kombo alikuwa ameandika pale vinywaji alivyovitamani, ili akirudi amchekeshe mkewe: togwa, madafu mawili, maji ya mtungini, na mtungi wenyewe.

"Nimeolewa na ng'ombe," Bi Tatu alikuwa akimtania, huku akimjazia kata nyingine ya maji.

Wakili alisoma, akatazama tarehe iliyoandikwa juu. "Mama, hii ndiyo kiu yenyewe ya kisukari, miezi mitatu kabla hajafariki. Bila ukurasa huu zahanati watasema hakuwa na dalili. Nitakutolea nakala."

"Nakala itakuwa laini."

Kombo alikuwa na tabia ya kuikandamiza kalamu. Bi Tatu alifumba macho, akapitisha kidole polepole juu ya mabonde ya mwandiko, neno baada ya neno, na wakili akangoja, bahasha ikiwa wazi mkononi.