Rangi ya Safari Moja

Katika mtaa wa Nyamizi, geti lilifunguka kwa gari linalong'aa tu. Kutoka kwa miguu kulikatazwa, na kupaka gari rangi upya vilevile.

Nyamizi alijua kazi. Ndoo moja ya maji yenye dawa ilimtosha kwa gari zima bila kulisuuza: anafuta, anageuza kitambaa, anakausha. Lakini mikwaruzo haikutoka kwa kitambaa. Ilitaka mashine ya kung'arisha, na mashine kila mara ililamba rangi kidogo. Mumewe, Shija, aliazima mbili. Moja ilizunguka kwa kasi na kuunguza rangi. Nyingine ilikwenda taratibu.

"Tumia hii ya taratibu," Shija alisema. "Hata hivyo, rangi iliyobaki inatosha safari moja. Baada ya hapo ni bati tupu. Ukienda sasa kumwona mama yako, siku akifariki, mke wangu, hutatoka kwenda kumzika."

Nyamizi alimpigia mama yake, aliyekuwa mgonjwa huko Nzega, akamweleza yote huku akilia.

"Njoo ningali hai, mwanangu," mama alisema. "Kaburini nitakuambia nini?"

Basi akawasha mashine ile ya taratibu. Jioni alikuwa Nzega, akimlisha mama uji, wakicheka mpaka mama akakohoa. Asubuhi sheria ya mtaa ilimtaka arudi.

"Utakuja tena lini?" mama aliuliza, ameng'ang'ania mkono wake kana kwamba hakumbuki walichokubaliana.

"Karibuni tu, mama," Nyamizi akajibu, akageuka upesi mama asimwone uso.