Goli na Simu

Kila mwaka, siku ya goli lile la ushindi, ni lazima kila aliyekuwa uwanjani avae kofia ya kumbukumbu, jamaa zake waone alichokiona na wasikie alichokisikia. Hakuna kukata wala kuruka.

Mzee Kibwana alizoea kujisingizia maradhi. Mwaka huu karani wa mtaa alikuja mwenyewe na kofia mbili, akamvika yeye na bintiye Ushindi, aliyezaliwa jioni ya mechi ile na mama yake akafariki akimzaa.

Ndani ya kofia, uwanja ulinguruma. Chuma, winga wa kushoto, alikuwa anakokota mpira simu ya Kibwana ilipoita.

“Uchungu umenianza, Kibwana. Njoo unipeleke hospitali.”

“Vumilia, mke wangu. Zimebaki dakika tano tu.”

Mpira ukatikisa nyavu. Kibwana akaruka na wenzake.

Kofia zilipovuliwa, hakuthubutu kuinua uso. Siku zote alimwambia mtoto kwamba simu iliisha chaji. Njia ya mwongo ni fupi. Yake ilikuwa imefika miaka thelathini.

“Karani,” Ushindi alisema taratibu, “irudishe nyuma kidogo.”

“Kwenye goli?”

“Kwenye simu. Sijawahi kuisikia sauti ya mama.”