Mashine ya Kwenda kwa Fundi

Kipande cha mwisho cha sabuni nyumbani, alichokipangia foleni Chausiku tangu alfajiri kwenye duka la ushirika, mumewe Jabiri alikuwa anakimalizia kwenye mashine ya mchezo wa televisheni.

Televisheni yenyewe hakuwa nayo. Ilikuwa mwaka themanini na moja, na mtu wa Temeke aliyetaka kuona picha zikitembea kwenye kioo alilazimika kuvuka maji hadi Unguja. Lakini Jabiri, karani wa bandarini, aliinunua kwa baharia wa Kigiriki, akaiweka kabatini juu ya kitambaa cha kufuma, na kwa miaka mitatu akawaeleza wageni jinsi inavyochezwa. Hakuwahi kuicheza hata mara moja, ila bingwa alikuwa yeye.

"Unaipeleka wapi?" Chausiku aliuliza.

"Kwa fundi."

"Imeharibika? Umejuaje?"

Jabiri alicheka kwa pua. "Haya mambo ya mitambo, mama. We hangaika na vitumbua vyako."

Vitumbua hivyo Chausiku aliviuza kila asubuhi milangoni pa viwanda, na Jabiri hakuwahi kuuliza vinaingiza nini. Pesa ya chumvi, alijiambia.

Hakukuwa na fundi yeyote. Mashine ilikuwa inakwenda kuwekwa rehani kwa Bi Mwanabaraka wa Chang'ombe, kama ilivyokwenda redio, ikafuata saa ya ukutani, ikafuata cherehani ambayo Chausiku aliachiwa na mama yake. Vyote vilikuwa "kwa fundi", na hakuna hata kimoja kilichorudi. Mke anayeamini kwamba fundi anaweza kukaa na saa miezi kumi na minne, Jabiri aliona, hana akili ya kumzuia mume kuoa.

Maana safari hii shida ilikuwa mahari. Zuena, binti wa mzee Fakihi wa Tabata, alishakubali. Angewekwa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ambamo Chausiku alilala miaka kumi na sita. Chausiku angehamia banda la uani, jirani na jiko lake. Bado hakuambiwa. Angeambiwa siku ya kuhamisha kitanda.

"Sugua na kwenye kona," Chausiku alisema. "Sabuni inagandia humo. Na waya usiusahau, redio uliipeleka bila waya wake."

"Fundi ana nyaya zake."

"Haya."

Akamsogezea kitambaa kikavu. Jabiri alifuta juu juu tu. Kona aliziacha na povu lake, kwani hakuwa mtu wa kufundishwa kazi na muuza vitumbua.

Kule Chang'ombe Bi Mwanabaraka aliigeuza mashine mbele na nyuma.

"Inafanya nini?"

"Inacheza."

"Ichezeshe nione."

Jabiri akakohoa.

"Kaka Jabiri, hili ni sanduku tu. Zingekuwa pesa zangu ningekuhurumia, lakini mie natunza tu za mwenyewe. Na mwenyewe amesema, ukitaka kiasi hicho ulichotaja, uongeze na nyumba."

Jabiri hakumjua huyo mwenyewe, ila alishamchora kichwani: mfanyabiashara mnene wa Kariakoo, ana pesa na hana shule. Mtu kama huyo angeifanyia nini nyumba ya udongo ya Temeke? Karatasi ikaletwa. Miezi mitatu, asipolipa, nyumba ni ya mwenye pesa. Mbele ya mashahidi wawili Jabiri akatia sahihi kubwa yenye mikia miwili, huku akimwonea huruma tajiri asiyejua kufanya biashara.

Mahari ikafika Tabata, ikapokelewa. Miezi mitatu ikapita, na mshahara wake ukaishia kwenye suti mpya na viatu vya kuolea. Harusi ikapangwa Ijumaa alasiri. Alhamisi ikaja salamu kutoka kwa Bi Mwanabaraka: mwenye pesa anakuja kesho asubuhi kuchukua nyumba yake.

Usiku kucha Jabiri alitunga maneno ya kuombea muda, na kulipokucha akamwamsha mkewe.

"Kuna mgeni mkubwa anakuja. Vaa vizuri, upike chai, uweke na vitumbua. Akianza kuongea, we nyamaza. Hujui kuzungumza na watu wakubwa."

"Haya," Chausiku alisema, akaingia chumba cha mbele kubadilisha nguo.

Jabiri alitoa barazani kiti pekee chenye mikono, akakitandika kile kitambaa cha kufuma, akavaa suti ya harusi na kusimama kando kama mhudumu wa hoteli.

Saa mbili Bi Mwanabaraka alifika na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na redio, saa ya ukutani, cherehani na mashine ya mchezo. Jabiri alichungulia nyuma yake, akitafuta gari.

"Dada, mwenyewe mbona simwoni?"

Bi Mwanabaraka alimtazama, kisha akautazama mlango. "Kwani bado hajatoka?"

Chausiku alitoka amevaa doti mpya ya kanga, bila chai. Akakaa kwenye kiti chenye mikono. Akaomba apewe mashine, akaipakata, akapitisha kidole kwenye kona ambako sabuni ilikuwa imekauka nyeupe.

"Nilikwambia usugue na humu," alisema.