Mbili Zisizo na Pilipili

Mzee huyo alikula akiwa amempa mpishi mgongo. Kila Alhamisi hivyo hivyo: anavuta kiti, anakigeuza kielekee ukuta wa duka la mitumba, anaketi na koti lake refu la mvua, kofia imeshuka mpaka masikioni.

"Anasema moshi wako unamuumiza macho," Hadijah alimwambia Tupokigwe. Hadijah aliuza chai meza ya pili, na oda zote za mzee zilipitia kwake.

"Moshi gani? Mbona wengine hawalii?" Tupokigwe alicheka, akageuza bhajia kwenye karai. "Huyo mzee wa kanisa, shoga. Anaogopa wenzake wasimwone anakula barabarani kama kijana. Haya, leo anataka nini?"

"Mbuzi wa mchuzi, kachori nne na chatini. Na mbili za kufunga, zisizo na pilipili. Za mjukuu."

"Huyo mjukuu ana bahati."

Zile mbili alikuwa ameshazitenga tangu asubuhi, kabla pilipili haijaingia kwenye viazi.

Upishi huo aliupata jikoni kwa Mama Gulbanu, mke wa Mhindi wa duka la vitambaa hapo Tukuyu, alikofanya kazi angali msichana. Huko ndiko alikojifunza kuviringa kachori, na kukaanga binzari mpaka iache ubichi ndipo nyama iingie. Wahindi wale walihamia Dar, duka likafungwa. Baadaye ruksa ya biashara ikaja, mafuta na unga wa dengu vikaonekana tena madukani, naye akatoa karai lake nje.

Kabla ya hapo aliolewa kijijini Lupepo, juu mlimani. Alijaribu kuwapikia wakwe zake vile vitamu vya mjini. Sahani ya baba mkwe ilirudi tupu, akafurahi, mpaka mama mkwe alipomkata maini: "Usijisumbue, mwanangu. Baba yenu hali vya Kihindi. Mbwa ndiye anayeshiba."

Mumewe alikufa kwa ajali ya lori la ndizi. Ukoo ukataka arithiwe na shemeji. Akakataa. Wakamwambia basi aende zake, lakini mtoto anabaki; ng'ombe wa mahari walitolewa, na mtoto ni wa ng'ombe. Happyness alikuwa na miaka miwili. Sasa alikuwa ametimiza sita.

Mara ngapi Tupokigwe alituma watu waombe amwone mwanawe, walau siku moja! Jibu lilipitia kwa mama mkwe, halikubadilika: "Mzee amekataa." Kumwendea mzee mwenyewe ndiyo kabisa. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hasimami mbele ya baba mkwe, wala hasemi naye. Siku zote za ndoa yake, akiambiwa mzee anapita, alitumbukia migombani na kuinamisha kichwa. Mtu aliyemnyima mwanawe hakumjua hata pua.

Alhamisi moja mvua ya Rungwe iliwabana chini ya turubai. Yule mteja akamnong'oneza Hadijah.

"Anauliza kama una watoto," Hadijah alisema.

Mikono ya Tupokigwe ilisimama juu ya karai.

"Mwambie ninaye mmoja. Mwambie babu yake amenifungia, roho kama jiwe la mto. Mzee asiyejua hata kula! Binzari kwake ni chakula cha mbwa. Kila siku namwombea Mungu amwondoe, nipate mwanangu."

Hadijah hakuwa na la kufikisha. Mzee hakuwa kiziwi. Alikuwa ameacha kutafuna. Alikaa hivyo, maji yakimdondokea begani kutoka kwenye turubai, kisha akaingiza kifurushi chake cha gazeti ndani ya koti, kifuani, kisilowe.

"Ndaga," aliushukuru ukuta kwa Kinyakyusa. Akaondoka na mvua yake. Kwa mara ya kwanza nyama ilibaki sahanini.

"Umemtisha mzee wa watu," Hadijah alisema.

Alhamisi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Tupokigwe aliendelea kutenga zile mbili asubuhi, na jioni akazila mwenyewe, zimepoa.

Wiki ya tatu mdogo wake Elina alikuja anahema. "Dada, kuna msiba Lupepo. Baba mkwe wako. Kifua."

"Mungu amenisikia," Tupokigwe alisema, na papo hapo akauziba mdomo wake kwa kiganja.

Alifunga kachori zisizo na pilipili kwenye gazeti, akajitanda kanga, akapanda Lupepo. Alipofika walikuwa wameshazika. Wanawake walikuwa wamekalia majani ya migomba, sauti zimewakauka. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe, akatoa pole, kisha akasema alichokuja kusema:

"Mama, mzee ameshakwenda. Sasa nani ananikatalia?"

Mama mkwe hakuinua uso. Alielekeza kidevu nyuma ya jiko.

Mtoto alikuwa amekalia kinu kilicholazwa. Amerefuka, magoti yana vumbi, paji la uso ni la marehemu mumewe kabisa.

"Shikamoo," Happyness alisema, kama anavyoamkiwa mgeni yeyote.

Tupokigwe alichuchumaa, akafungua gazeti, akampa moja.

Mtoto aliuma. Akaacha kutafuna. Akaitazama ile kachori, akamtazama mgeni.

"Hizi babu alikuwa ananiletea kila Alhamisi," alisema. "Mbili, hazina pilipili. Alisema anazipika mama yangu."

Kisha akateremka kwenye kinu, akamshika kanga.

"Mama ndiye aliyekutuma?"