Nani Kala Kilele?

Hamtaamini, lakini mlima Uluguru uliliwa. Tena mtaani Mafiga, sebuleni, mchana kweupe.

Sio ule mkubwa, tulieni. Ni wa Oscar, mwanafunzi wa jiolojia mwaka wa kwanza. Mwalimu wake, Castory, ana falsafa zake: ukitaka kuujua mlima, ufinyange. Basi Oscar akaufinyanga juu ya ubao, udongo mwekundu wa Mlali chini, mweusi mabondeni, na kilele cheupe kinachonukia kama mvua ya kwanza. Unasahihishwa Ijumaa. Akifeli, anarudia mwaka.

Jumatatu kilele kikamegwa. Jumatano kimebaki nusu.

Oscar, mpelelezi wa taifa, akaenda moja kwa moja kwa jirani.

"Shikamoo mzee Mikidadi. Mbuzi wako wanaingia sebuleni kula mlima wangu."

"Marahaba. Mbuzi wangu wanakula majani, kijana. Wanaokula udongo nawajua mimi, hawana pembe."

"Mzee bwana, acha kuwatetea!"

Mama yake, Yuliana, mjane na mwenyekiti wa kwaya, hakuwa hata na nguvu za kuwaamulia. Ana malaria yake ya ajabu: inampiga alfajiri, ikifika saa nne imepona.

Ila mwalimu alijitoa, jamani. Wanafunzi wengine hata kwao hapajui, lakini mlima wa Oscar anakuja kuukagua kila siku. Na kila akija, anamtuma.

"Kimbia Mlali ulete mwekundu uliokolea. Jiolojia haisomwi kwenye kochi!"

Jumatano hiyo Oscar akamlilia. Mwalimu akakaza uso.

"Visingizio sitaki. Niletee video, mwizi aonekane sura, nikuongezee wiki mbili. La sivyo, tuonane mwakani."

Haya. Alhamisi Oscar akategesha simu nyuma ya redio, inarekodi. Halafu, mtiifu kama kawaida, akapanda boda kwenda Mlali alikotumwa.

Jioni akafungua video. Mbuzi hakuna.

Yupo mama kwenye kochi, anatafuna kilele taratibu, macho kafumba. Pembeni yake mwalimu Castory, kisu cha jikoni mkononi, anammegea kipande kingine na kumlisha.

"Kula tu, mpenzi. Kesho namtuma mbali zaidi, hadi Turiani."

Sura zinaonekana vizuri kabisa, na kesho ndiyo Ijumaa. Hebu niambie, ungekuwa wewe ndiye Oscar, hiyo video ungempelekea mwalimu?