Ndoo ya Kutemea

Msimu uliopita Rugemalira, mwonjaji wa kiwanda cha kahawa, aliitema kahawa ya Bi Kokwijuka mbele ya watu, akasema, "Mama, hii wape mbuzi." Tangu siku hiyo kahawa yake haikupata mnunuzi.

Leo sokoni, Bi Kokwijuka alimkorogea unga wake mpya wa kahawa kwenye maji ya moto. Rugemalira akavuta kijiko kimoja, fyuu, akasahau kutema kama waonjaji wafanyavyo.

"Mama, mbegu hizi umezitoa wapi?" akauliza, akajaza mdomo tena.

"Mbegu gani, baba? Ni maganda ya kahawa mnayotupa nyuma ya kiwanda. Nimeyachemsha, supu yake nikaikausha mpaka ikawa unga."

Watu wakasogea. Bi Kokwijuka akamsukumia ndoo ya kutemea kwa mguu.

"Haya, tema, mwanangu."

Rugemalira akasimama, mashavu yamemjaa.