Sanduku Lisilopasuka

Kwenye maabara, nyundo ya kupimia iliachiwa kwa mara ya nne, ikalitwanga sanduku la umeme ubavuni. Nan Suqin, fundi mpimaji, akainama, akapitisha kidole pale ilipopiga.

"Hata ufa hakuna," alisema.

Sanduku lilikuwa limeng'olewa asubuhi ile ukutani mwa jengo la pili, mtaa uleule wa Liushi ambako pacha lake lilikutwa limepasuka, nyaya wazi mvuani, na Mzee Lian amekufa kwa kuzigusa akianua nguo. Kila aliyekuwapo alijua kinachopimwa. Likipasuka, kiwanda kilidanganya kilipoliandikia daraja la juu kabisa la kuhimili kipigo, na Zheng Haisheng, mpeleka vyakula, alisema kweli: baiskeli yake ililiangukia tu. Likihimili, basi Haisheng alilivunja kusudi, maana Mzee Lian alimfukuza getini wiki ileile mbele za watu.

Mwenzake Suqin alinyoosha mkono. "Fundi Nan, pumzika. La mwisho nilipige mimi."

"Niachie."

Akaiinua nyundo hadi kwenye alama, polisi na mtu wa kiwanda wakitazama, akaiachia. Sanduku likalia kama ngoma. Halikupasuka.

Kwenye korido, Bao Cuifen, mama yake Haisheng, aliyetazama yote kupitia kioo cha mlango, alimshika Suqin mkono wa koti. Alikuwa muuza chaza. Vidole vyake vilinuka soko.

"Dada, mwanangu si mtu wa kuvunja vitu. Labda kipimo kimekosea?"

"Hakijakosea. Nimepima mwenyewe."

"Sasa nifanyeje?"

Suqin alimkalisha kwenye benchi, akamletea maji ya moto. Alisema naye taratibu, kama mtu na nduguye.

"Nina mwana wa rika lake, ndiyo maana nakwambia. Akiendelea kubisha watamwona jeuri. Mwambie akiri. Aseme alilipiga kwa jiwe, hasira zilimpanda, hakujua kama mtu angekufa. Alie, awaombe radhi watoto wa mzee. Watampunguzia."

"Lakini ananiapia hakulipiga."

"Si umeliona sanduku kwa macho yako? Mtoto gani asiyemdanganya mama yake?"

Hapo Cuifen alikubali. Alikwenda mahabusu akamlilia mwanawe, akarudi tena kumlilia, mpaka kijana akachoka kumtazama mama yake katika hali ile. Akatia dole gumba kwenye maungamo. Akahukumiwa miaka saba.

Baada ya hukumu Cuifen alimpelekea Suqin bakuli la kaa waliolowekwa kwa chumvi na siki, wale wakubwa anaowawekea wateja wake wa siku nyingi.

"Bila wewe wangempa kumi," alisema, akainama sana. "Mungu akutunzie wako."

Jioni Suqin aliwapakua kaa mezani. Yichuan, mwanawe, hakugusa vijiti vya kulia.

"Saba, Mama?"

"Kula," alisema Suqin, akimtilia bakulini kipande kilichonona. "Na gari liache hukohuko ghalani kwa babu yako. Watu wakishasahau lile sanduku, ndipo tutalitafutia bampa jipya."